Barua ya wazi kwa wenye dhamana: tupimeni, kisha mtutambue

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya michezo, kazi, afya na utalii Zanzibar,
Kwa Waheshimiwa wakurugenzi wa manispaa na mabaraza ya miji, Unguja na Pemba,
Nakala: mameneja wa mahoteli yenye kumbi za mazoezi.

Assalaam alaykum.

YAH: MTIHANI NA DARAJA LA KAZI KWA WAALIMU WA MAZOEZI YA VIUNGO

Waheshimiwa, tunakuandikieni hadharani kwa sababu njia ya kimya imegonga mwamba. Barua zetu zilipokewa na kugongwa muhuri. Tangu hapo kila anayefuatilia anaambiwa faili liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko safari. Hatuna ugomvi na mtu. Tuna kazi, na kazi hiyo haina pahala pa kusimama.

Sisi ni waalimu wa mazoezi: wale wanaomchukua mtu mmoja mmoja, au watu wanne watano kwa pamoja, wakampima, wakampangia programu na kumsimamia zoezi kwa zoezi. Wengine hutuita makocha, wengine matrena. Tusichanganywe na vikundi vya mitaani vinavyotoka mbio alfajiri ya Jumapili. Vikundi hivyo tunaviheshimu, wengi wetu tumetokea humo, na kila tarehe 1 Januari viongozi hutembea navyo katika siku ya mazoezi. Barua hii inahusu siku 364 zinazobaki.

Hoja zetu ni hizi.

1. Kazi yetu haina daraja

Fundi umeme ana daraja. Dereva ana daraja. Mtembeza wageni ana kitambulisho na anajua nani anayekitoa. Mwalimu wa mazoezi akienda kusajili biashara huandikishwa chini ya chochote kinachokaribiana: mmoja klabu ya michezo, mwengine saluni, wa tatu "huduma nyinginezo". Kwa kuwa hakuna anayetupima, mwenye mkono mnene ndiye mwalimu. Kijana aliyenyanyua vyuma miezi sita anapiga picha kifua wazi, anaweka namba ya simu, na siku ya pili ana wateja. Huyo anatoza nusu ya bei kwa sababu hana kipimo cha presha, hana sanduku la huduma ya kwanza, na hajui kwamba anavihitaji.

Vyeti vya nje vipo. Vile vya Marekani vinavyojulikana zaidi hutaka mtihani wa Kiingereza, ada ya mamia ya dola, na cheti hai cha kuzindua moyo uliosimama. Uingereza wamegawa ngazi: ya pili ni mwalimu wa ukumbi, ya tatu ni mwalimu wa mtu binafsi, na huwezi kuruka. Upande wa Bara kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, Mwanza. Kijana wa Wete, Pemba, akitaka kwenda avuke bahari kisha avuke nchi nzima. Michezo si jambo la Muungano, kwa hiyo jibu la hili liko mikononi mwenu hapa hapa.

Hili ndilo shina. Hoja zinazofuata zimeota juu yake.

2. Hesabu ya mwezi haisimami

Watu wakisikia saa moja shilingi 15,000 wanadhani tunavuna. Tuipige hesabu, kwa bei za mfano, na kila mtu aweke zake.

Wateja hawapatikani siku nzima. Wanapatikana baada ya sala ya alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, halafu kuanzia saa kumi na nusu jioni mpaka magharibi inapoadhiniwa, na wachache baada ya isha. Katikati mwalimu anakaa bure. Jua ni kali, na wenye pesa wako maofisini. Kwa hiyo mwalimu aliyejaa kabisa, wa kusifiwa, ana wateja watano kwa siku. Siku sita za wiki, wiki nne: saa 120, shilingi 1,800,000.

Sasa toa. Katika vipindi vitano, kimoja hakifanyiki: mvua, msiba, arusi, mgeni kaja kutoka Dar, mtoto ana homa. Mteja hupiga simu mwalimu akiwa ameshafika mlangoni, naye anaona haya kudai. Zinabaki saa 96, shilingi 1,440,000. Mwenye ukumbi anachukua 3,000 kwa kila mteja: 288,000. Petroli ya pikipiki 6,000 kwa siku: 144,000. Bando, sabuni, betri za kipimo cha presha, mipira ya kuvuta inayokatika kwa joto: 58,000. Zinabaki 950,000. Mwenye wateja watatu kwa siku, na hawa ndio wengi, ukimpigia hesabu ile ile anabaki na kama 490,000. Huyo bado hajalipa kodi ya nyumba.

Na hiyo ni miezi mizuri. Ramadhani asubuhi yote inakufa. Zinabaki saa moja kabla ya futari, mazoezi mepesi tu, na muda mfupi baada ya tarawehe. Ramadhani ya 2026 imeangukia Februari na Machi, msimu ambao wageni bado wapo, na Idi ikapokewa na masika, wakati mahoteli ya mwambao yanapofunga milango kwa ukarabati. Miezi mitatu mfululizo ya ukame. Mwezi mtukufu unarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, kwa hiyo pengo hili litahama, halitaondoka.

Mwenye mkataba angekopa kwa mkataba wake akavuka. Mwenye kazi isiyo na jina anakopa kwa jirani. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, una mpango wa hiari kwa waliojiajiri, na tunawahimiza wenzetu waingie. Lakini kuchangia kila mwezi kunataka kipato kinachotabirika, na kipato hakitabiriki mpaka saa iliyowekwa iwe na thamani hata mteja asipokuja.

3. Mahoteli

Hapa tutasema wazi, bila kumtaja mtu. Utaratibu ulioenea mwambao wa kaskazini na mashariki ni huu: hoteli inamuuzia mgeni saa ya mazoezi kwa bei yake, inamuita mwalimu kwa simu, na inampa mwalimu fungu ambalo halikuandikwa popote. Mwalimu hajui mgeni kalipa ngapi. Malipo yanakuja mwisho wa mwezi unaofuata, au ule wa baadaye, "tukifunga mahesabu".

Mgeni akighairi asubuhi, hoteli inabaki na ada ya kughairi iliyo kwenye fomu yake. Mwalimu ameshapanda daladala namba 116 kutoka mjini mpaka Nungwi, karibu kilomita 60, amekaa na mkeka wake mapajani, na anageuza na nauli yake mwenyewe. Akilalamika, haitwi tena. Kuna vijana walio nyuma yake kwenye foleni, na hakuna karatasi.

Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anakata bima ya lazima ya dola 44. Ni jambo zuri. Lakini mgeni huyo akiteguka bega mikononi mwa mwalimu, mwalimu hana bima yoyote ya kazi yake, na hoteli iliyouza ile saa itasema huyu si mtumishi wetu. Kwa Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 mtumishi anafahamika. Anayevaa fulana yenye nembo ya hoteli, akapangiwa saa na hoteli, akatumia vyuma vya hoteli, kisha akaambiwa kuwa yeye ni "mtu wa nje", tunaomba Kamisheni ya Kazi ituambie ni nani.

Halafu kuna wageni wanaokuja likizo, wakaona pwani ni nzuri, wakaanza kufundisha kwa malipo kwenye mchanga. Wapo wajuzi kuliko sisi na tumejifunza kwao. Tunachotaka ni kipimo kimoja. Mwenyeji asiulizwe cheti ambacho mwenye ngozi nyengine haulizwi.

4. Wagonjwa tunaoletewa mikono mitupu

Hii ndiyo hoja inayotunyima usingizi, na tungependa wenye dhamana ya afya waisome mara mbili.

Daktari anamwambia mgonjwa wa presha au sukari: fanya mazoezi. Anasema kweli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Mgonjwa anatoka na sentensi moja, hana karatasi, na anakuja kwetu. Anasema, "Daktari kaniambia nije." Dawa anazotumia hazijui majina, anajua rangi za vidonge.

Mwalimu anayejua kazi anafanya hivi. Anamkalisha mgonjwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo, mkanda umefungwa juu ya ngozi wala si juu ya mkono wa kanzu au buibui. Anapima mara mbili, dakika moja kati yake. Ikiwa presha ni 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi. Ni kwenda kituo cha afya. Asiyejua anampa kamba aruke.

Anauliza kuhusu dawa za presha. Aina moja, mfano atenolol, huyafunga mapigo ya moyo yasipande hata mtu akiwa hoi. Mwalimu anayefuata namba za saa ya mkononi atamsukuma mgonjwa huyo mpaka aanguke, akidhani bado yuko chini. Kwa mtu wa namna hii tunatumia mazungumzo: akiweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba, yuko pazuri. Akikata maneno katikati, punguza.

Mwenye sukari anayejidunga insulini hupimwa kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5 kwa kipimo cha mmol, ale kwanza gramu 15 hadi 30 za wanga: tende tatu kubwa zinatosha kuanzia. Ikizidi 13.9, asianze mpaka ijulikane kama ana ketoni, yaani asidi inayojikusanya mwilini insulini isipotosha. Anaulizwa amejidunga wapi, maana sindano ya paja kisha mbio huiingiza dawa haraka na sukari hushuka ghafla. Na miguu yake inakaguliwa, unyayo na katikati ya vidole. Mtu aliyekufa ganzi miguuni hatembezwi pekupeku ufukweni kwenye matumbawe na makombe. Atakatwa na hatajua mpaka jeraha linuke.

Mama aliyejifungua anakuja baada ya arobaini na hamu ya kurudisha tumbo. Mwalimu wa kike anamlaza chali, anamwambia anyanyue kichwa kidogo, anapima kwa vidole mwanya kati ya misuli ya tumbo juu na chini ya kitovu. Ukizidi vidole viwili, mazoezi ya kuinua kiwiliwili yanangoja. Anaanza na pumzi na kukaza nyonga. Aliyepasuliwa anangoja ruhusa ya aliyemshona. Haya hayaandikwi kwenye picha za kifua wazi.

Na kuna hili la "siku ya kwanza nikuue". Mteja mpya, ofisini miaka kumi, anapigishwa skwati 200, yaani kuchuchumaa na kusimama, ili ajue jimu ni nini. Siku ya pili au ya tatu miguu imevimba, haikunjiki, na mkojo unatoka rangi ya Coca-Cola. Misuli imesagika, na mabaki yake yanaziba figo. Hiyo ni dharura ya hospitali, na wengi wanaambiwa ni "vyuma vinaingia", wanywe maji.

Tunachokosa ni karatasi moja tu kutoka kliniki yenye mambo manne: presha na sukari ya mwisho, dawa anazotumia, asichoruhusiwa kufanya, na namba ya kituo cha kupiga kukitokea jambo. Daktari atauliza: nimpe nani karatasi hiyo, nitajuaje kama anajua kuisoma? Ana haki. Ndiyo maana tunarudi kwenye hoja ya kwanza: kukiwa na orodha ya waliopimwa, atajua wa kumpa.

5. Vyuma

Hewa yetu ina chumvi, na chumvi haina huruma. Fimbo ya chuma iliyopakwa kromu ikipata mkwaruzo mmoja karibu na bahari huanza kuvuja kutu chini ya rangi. Ncha zinazotakiwa kuzunguka zinakwama, na mnyanyuaji anapogeuza mikono uzito haugeuki naye, kiganja kinapinda. Mashine ya kukimbilia inakufa kwa umeme unaopanda na kushuka: kinachoungua ni bodi ya kuongozea mota, na bodi mara nyingi haipo madukani, inaagizwa.

Hatari kubwa ni kebo ya mashine ya kuvuta. Haikatiki katikati. Inakatika pale inapoingia kwenye kishikizo, au pale inapokunjwa na kapi muda wote. Nailoni inapasuka kwanza, chumvi inaingia, uzi mmoja wa chuma unakatika ndani na huuoni. Pitisha kitambaa cha pamba kavu juu ya kebo yote taratibu, uzito ukiwa chini. Pamba ikinasa, kebo imekwisha, itolewe siku hiyo hiyo. Kitambaa, siyo kidole. Tumeona kumbi zinazofunga pahala hapo kwa gundi ya umeme na biashara ikaendelea.

Mitaani hali ni nyengine. Vijana wanamimina zege kwenye makopo ya rangi na kuchomeka bomba katikati. Hatuwacheki, ndivyo wengi wetu tulivyoanza. Zege lina uzito wa kama kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la lita 4 lililojaa linakaribia kilo 10, na ndoo ya lita 20 inakaribia 48. Tatizo ni kwamba makopo mawili hayajazwi sawa, kokoto zikizidi upande mmoja fimbo inalala, na bega moja linafanya kazi ya mawili miezi kadhaa. Yapimwe kwenye mizani ya sokoni, tofauti iandikwe, ipunguzwe kwa patasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005 ipo. Hatujui mkaguzi aliyewahi kuingia jimu akaomba kuona kebo.

6. Viwanja

Hapa kwa ufupi. Mwalimu akipeleka watu sita kiwanja cha Maisara au ufukweni na koni zake, anaulizwa kibali. Akiuliza kibali kinatolewa wapi, ofisi ya kwanza inamtuma ya pili, ya pili inamtuma ya kwanza. Hatukatai kulipa. Tunataka kujua kiasi gani, kwa nani, na risiti.

7. Wanawake

Wateja waaminifu kuliko wote katika visiwa hivi ni wanawake. Wanalipa kabla, wanakuja kwa wakati, na wanaleta dada na wifi. Wanachohitaji ni ukumbi wenye mlango unaofungika, pazia madirishani, simu zinaachwa nje, na mwalimu mwanamke. Kumbi za umma zinaweza kuwapa saa mbili za asubuhi, siku tatu kwa wiki, saa ambazo mara nyingi ziko tupu. Pemba hitaji hili ni kubwa zaidi na kumbi ni chache zaidi. Wenzetu wa Chake na Wete wanafundisha kwenye varanda za nyumba, watu wanane wakigongana viwiko.

Mwalimu mwanamke anayekwenda majumbani anabeba mizigo peke yake na anaingia nyumba asizozijua. Kitambulisho kingemlinda yeye na kumtuliza mwenye nyumba. Na tusione haya kulisema: bila cheti, mzazi anasita kumruhusu binti yake afanye kazi hii.

Tunajua mtakayotujibu

Mtasema mazoezi ni kujitolea, tangu lini yakawa kazi. Anayejitolea Jumapili moja hashiki presha ya mama wa mtu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Mtasema hakuna bajeti. Mtihani tunaoupendekeza unajilipia kwa ada ya mtahiniwa. Vifaa ni vipimo vitatu vya presha, masanamu mawili ya kufundishia kuzindua moyo, mikeka na vyuma ambavyo kumbi zitaazima.

Mtasema hatuna wataalamu wa kutunga. Madaktari mnao, wauguzi mnao, Chuo Kikuu cha Taifa kina skuli ya afya, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaita mezani.

Mtasema mahoteli ni sekta binafsi. Ni kweli, na sekta binafsi hiyo inakata leseni kwenu kila mwaka.

Na wapo miongoni mwetu watakaosema mnataka kutuletea ada nyengine juu ya ada. Tumebishana nao. Wasiwasi wao ni wa haki: kitambulisho kikigharimu kipato cha mwezi, watabaki gizani, na wale hasa tunaotaka wapimwe ndio watakaokimbia. Kwa hiyo ada iwe ndogo, na igawanywe.

Tunachokiomba

Kwanza, mtihani wa Kiswahili, wenye maandishi na vitendo, kwa kila anayefundisha kwa malipo, mwenyeji na mgeni. Wa vitendo uwe na sehemu tatu. Mtahiniwa ampokee mteja, amuulize maswali ya afya na ampime presha kwa utaratibu tulioueleza. Kisha afundishe harakati tano, yaani kuchuchumaa, kuinama kwa nyonga, kusukuma, kuvuta na kubeba, na mbele yake pawepo mtu anayekosea kwa makusudi ili aonekane kama anayaona makosa. Mwisho azindue moyo wa sanamu: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, thelathini kwa pumzi mbili. Anayeshindwa hapo ameshindwa mtihani wote, hata kama ana mkono mnene kuliko mlango.

Pili, madaraja mawili: mwalimu wa ukumbi na mwalimu wa mtu binafsi. Ruhusa ya kupokea wagonjwa iwe nyongeza baada ya mafunzo kliniki. Huduma ya kwanza irudiwe kila miaka miwili. Waliokwishafanya kazi miaka mingi wapimwe kwa vitendo, wasirudishwe darasani kuanzia herufi ya kwanza. Na katika masharti ya daraja liwepo hili: anayeuza au kuchoma sindano za kutunisha misuli anafutwa.

Tatu, mkataba wa ukurasa mmoja kwa hoteli yoyote inayouza saa zetu: fungu la kila upande limeandikwa, mgeni akighairi zikiwa zimebaki chini ya saa 12 kabla ya kipindi, mwalimu apate nusu, malipo ndani ya siku 14, na imeandikwa nani anabeba bima.

Nne, karatasi ya kliniki. Tumeshaichora, ni nusu ya A4.

Tano, ukaguzi wa kumbi mara mbili kwa mwaka, kuanzia kebo, nyaya za umeme na mlango wa dharura.

Sita, ofisi moja ya kibali cha viwanja, na ratiba ya saa za wanawake katika kumbi za umma, Unguja na Pemba kwa pamoja. Pemba isiambiwe ingoje awamu ya pili.

Tunaomba kikao. Tutakuja na rasimu ya mtihani, mfano wa mkataba na ile karatasi ya kliniki, kila kimoja nakala za kutosha meza nzima. Kwa kuwa asubuhi na jioni tuko kazini, saa nne mpaka saa nane mchana zinatufaa, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Wenzetu wa Pemba wahesabiwe nauli ya boti au wasikilizwe kwa simu ya mkutano. Tukikosa jibu ndani ya siku 30, tutaupeleka mtihani huu kwa madaktari walio tayari, tuufanye wenyewe, na majina ya waliofaulu tuyabandike milangoni mwa kumbi zetu, huku tukiendelea kukungojeni.

Wenu,
Waalimu wa mazoezi ya viungo,
Unguja na Pemba